Tarehe ikihama kwenye filamu, uliza imehama kwa faida ya nani

Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wawili watatu kati yenu mmeshaniuliza kama nimedisco. Hapana bwana, bado nipo chuo, bado nadaiwa hela ya chipsi na yule dada wa pale getini, na bumu bado halijatoka. Nilikuwa nimekwama kwenye asaimenti moja ya kosi ya uandishi wa filamu, na hiyo asaimenti ndiyo imeniletea mada ya leo. Vuta kiti, chukua chai, maana leo nitakwenda mbali kidogo.

Chumbani kwetu Ijumaa usiku tuna utaratibu wetu. Laptopu ya Injinia inawekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, taa inazimwa, tunaangalia filamu. Muhula huu tumekuwa tukiangalia zile ambazo mwongozaji anasimulia utoto wake mwenyewe, ila kabadilisha majina na kutia chumvi hapa na pale. Sio wasifu kamili, na sio hadithi ya kutunga moja kwa moja. Nusu maisha, nusu kubuni. Mi naziita filamu za "maisha yangu bwana".

Sasa Injinia (anasoma uhandisi, jina limemkaa hilo hilo) alituletea mchezo. Ukiona kitu ambacho hakikuwepo mwaka unaosimuliwa, unapiga kelele "Simamisha!", filamu inasimama, simu inatoka, mtandaoni kunatafutwa. Gari la mwaka gani? Wimbo umetoka lini? Ukipatia unapewa pointi, inaandikwa kwenye karatasi nyuma ya mlango. Kwa mwezi mzima bingwa nilikuwa mimi. Naomba mlikumbuke hilo mpaka mwisho wa maneno yangu.

Tukaweka Belfast, filamu ya Kenneth Branagh ya mwaka 2021. Inaanza tarehe 15 Agosti 1969, kwenye mtaa wa watu wa kawaida ambako Waprotestanti na Wakatoliki wanaishi ukuta kwa ukuta. Ghafla kundi la watu linaingia kuwatimua Wakatoliki, mawe, moto, watoto wanakimbia. Machafuko ya Agosti ile ni ya kweli kabisa. Branagh mwenyewe alizaliwa Desemba 1960, kwa hiyo wakati ule alikuwa mtoto wa miaka minane, na kwenye filamu amejiita Buddy. Basi familia inakwenda sinema kuangalia One Million Years B.C. Mimi nikaruka kitandani: "Simamisha! Hiyo ni ya 1966!" Pointi. Haikupita muda Injinia naye akaruka: ule wimbo wa Van Morrison unaopigwa umetoka 1995! Pointi. Tukacheka, tukajiona wataalamu.

Kitanda cha juu analala Mzee. Tunamwita Mzee kwa sababu alifundisha shule ya msingi miaka kadhaa kabla ya kuja chuo, na ana mke na mtoto nyumbani. Huwa haongei sana. Siku ile akasema tu, "Kwani nyie kwenu Rambo mlimwona mwaka gani?"

Kimya. Maana mimi Rambo ile ya kwanza, ya mwaka 1982, niliiona kwenye banda la video kijijini nikiwa darasa la pili, nikadhani imetoka juzi. Na mimi nimezaliwa 2003! Filamu huwa zinazunguka. Zinafika mitaani zimechoka, zinarudiwa, watu wanajaa upya. Ule wimbo wa 1995 nao, Buddy hausikii. Tunausikia sisi tunaoangalia, ni sauti ya mtu mzima anayekumbuka. Mzee akashuka, akafuta pointi zetu mbili, akapanda kulala.

Wiki iliyofuata tukaweka Roma ya Alfonso Cuarón, iliyotoka 2018. Kama hujaiona, itafute. Ni Mexico City, mwaka 1970 kuingia 1971, nyumba ya watu wenye nafasi kidogo, na msichana wa kazi anaitwa Cleo. Cuarón alizaliwa Novemba 1961, kwa hiyo ni mmoja wa wale watoto wa ile nyumba. Filamu ameitoa kwa heshima ya Libo, mama aliyekuwa mfanyakazi wa kwao na ndiye aliyemlea. Injinia alikaa na simu mkononi saa mbili nzima hakupata kitu. Hata ile sinema wanayoangalia wale watoto, ya wanaanga waliokwama angani, ni Marooned ya 1969, inalingana na wakati.

Halafu ikafika tarehe 10 Juni 1971. Siku ile wanafunzi waliandamana Mexico City, wakavamiwa na kikundi cha vijana waliofunzwa na serikali kichinichini, Los Halcones, wakauawa wengi. Kwenye filamu Cleo yuko ghorofani kwenye duka la samani, amekwenda kununuliwa kitanda cha mtoto, mimba imekua. Anaona dirishani. Mara wauaji wanaingia mpaka dukani, na mmoja wao mwenye bastola ni yule yule kijana aliyempa mimba akamkimbia. Chupa inapasuka pale pale.

Hakuna aliyesema "simamisha". Sisi ni wanafunzi, tulikuwa tunaangalia wanafunzi wenzetu wanapigwa risasi. Baadaye kabisa ndo nikasema, "Lakini jamani, bahati gani hiyo? Siku ile ile, duka lile lile, jamaa yule yule?" Injinia akajibu kwa haraka, "Ah, ni sinema tu bwana." Mzee akasema, "Huyo jamaa mwenye bastola umkatae ukitaka. Tarehe 10 Juni hujaikataa, na hutaweza kuikataa."

Nikalala na hilo neno. Maana naona watu tunaoziangalia filamu hizi tumegawanyika mafungu mawili, na yote mawili sasa naona yamepotea.

Fungu la kwanza ni la wahesabu makosa, fungu langu. Wao kila kosa ni kosa. Kitasa cha mlango ambacho hakikuwepo mwaka ule na mauaji yaliyosogezwa mwaka mzima, kwao vyote pointi moja moja. Fungu la pili ni la "ni sinema tu". Wao hakuna kosa kabisa, mtu anasimulia maisha yake, wewe nani umsahihishe?

Mi nasema hivi. Kwenye filamu ya "maisha yangu" kuna tarehe za aina mbili. Kuna zilizo zako: siku uliyopigwa na baba, siku uliyompenda yule binti wa jirani, siku mliyohama. Hizo unaweza kuzibana, kuzisogeza, kuunganisha siku tatu zikawa moja, maana filamu ina saa mbili na maisha ni marefu. Halafu kuna tarehe ambazo sio zako peke yako. Siku mtaa ulipochomwa, siku wanafunzi walipouawa, siku vita ilipotangazwa. Hizo una hisa ndogo tu ndani yake, wenye hisa kubwa ni wengine, na wengi wao hawapo tena kukujibu. Hizo husogezi. Cuarón na Branagh wamejipa uhuru mkubwa kwenye zao, lakini hizi za watu wamezishika kwa adabu.

Ila hiyo peke yake haitoshi. Na hapa ndipo nilipoumia mwenyewe.

Lekchara alitupa filamu moja ya Kifaransa, Au revoir les enfants ya Louis Malle, ya mwaka 1987. Malle alizaliwa Oktoba 1932. Januari 1944, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, alikuwa na miaka 11, anasoma shule ya bweni ya mapadre Wakarmeli pale Avon, karibu na Fontainebleau. Mkuu wa shule, Père Jacques, alikuwa amewaficha watoto watatu wa Kiyahudi kwa majina ya uongo. Asubuhi moja ya Januari Gestapo wakaingia, wakawachukua watoto wote watatu pamoja na padre. Watoto wakauawa Auschwitz. Padre akapelekwa kambi za kule Mauthausen, akafa Juni 1945, wiki chache tu baada ya kukombolewa.

Kwenye filamu Malle amejiita Julien, padre amekuwa Père Jean, na mmoja wa wale watoto, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Hans-Helmut Michel, amekuwa Bonnet, rafiki wa Julien. Sasa ofisa wa Gestapo anaingia darasani anamuulizia Bonnet kwa jina lake la kweli. Anageuka kidogo. Julien, bila kujijua, anamtupia Bonnet jicho. Sekunde moja tu. Ofisa anageuka, analiona lile jicho, anamfuata mtoto.

Uliza sasa wahesabu makosa watasema nini. Januari ni Januari. Shule ni shule. Lakini lile jicho utalitafuta kwenye simu gani? Na urafiki wenyewe, Malle alieleza waziwazi kwamba ameukuza, hawakuwa karibu kiasi kile. Yaani ameongeza urafiki, na kuongeza urafiki ni kuongeza uzito wa lile jicho. Ameuchukua mzigo akajitwisha mwenyewe.

Nikafurahi, nikaona nimepata kanuni. Kwamba mtu akibadilisha hadithi yake, usiulize tu "ni kweli au si kweli". Uliza, "mzigo umehamia kwa nani?" Ukiona mabadiliko yote yanamsafisha msimulizi, shtuka. Ukiona yanamtia doa, unaweza kumwamini zaidi kidogo. Sio moja kwa moja, maana hata kujilaumu kuna majivuno yake. Waliokufa ni wale watoto watatu na padre wao, na ukiweka jicho la Julien katikati, habari inaanza kuwa ya Julien. Nadhani Malle alilijua hilo, ndiyo maana mwishoni kabisa anaingiza sauti yake halisi, sauti ya mtu mzima, inasema zaidi ya miaka 40 imepita naye hajaisahau asubuhi ile. Yaani anakwambia wazi: haya unayaona kwa macho ya anayekumbuka. Hajakuuzia kama picha ya kamera iliyokuwepo.

Basi nikaenda kuandika asaimenti yangu nikiwa kifua mbele. Asaimenti yenyewe: skripti ya dakika kumi kutokana na kisa cha nyumbani kwenu. Mi nilikuwa nacho kisa tangu utotoni.

Kwetu ni upande wa Morogoro, kijijini. Marehemu babu, mzaa mama, alikuwa na mdogo wake ambaye sisi tunamwita Babu Mdogo, ingawa alikufa na miaka 21 tu na hakuwahi kuitwa babu na mtu. Alifia Uganda kwenye vita vya Kagera. Mama alikuwa mtoto wa miaka minane. Anavyosimulia, na wote nyumbani wanavyosimulia, siku ile Mwalimu Nyerere alipozungumza redioni kwamba nchi imevamiwa na tunapigana, watu walikuwa wamejaa uani kwetu kwa sababu redio ya betri ilikuwa ya kwetu. Hotuba ilipokwisha, Babu Mdogo akasimama, hakumuuliza mtu, akaingia ndani akavaa shati, akasema naenda. Bibi akamchomea mahindi mabichi manne ya njiani, akayafunga kwenye kanga kuukuu. Jioni ile ile akaondoka, na hakurudi.

Nikaandika hivyo hivyo. Nikaweka na tarehe kubwa mwanzoni, 2 Novemba 1978, maana hotuba ile inajulikana. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake, tarehe 2 Mwalimu akahutubia taifa. Hii ni tarehe ya watu, nikaishika kwa adabu, si ndiyo kanuni yangu? Nikampa Mzee asome.

Mzee akasoma. Akarudi ukurasa wa pili. Akauliza, "Kwenu ni Morogoro si ndiyo? Sasa Novemba mahindi mabichi yanatoka wapi?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Maana hata mimi nimelima. Kule kwetu Novemba ndo mvua za vuli zinaanza, watu wanapanda. Mahindi ya masika yalishavunwa zamani, yako darini yamekauka. Mahindi mabichi ya vuli unachoma Januari kwenda Februari. Injinia akasema "Simamisha!" kwa utani, akaona uso wangu, akanyamaza.

Kuna picha ya Babu Mdogo sebuleni, ya studio, kavaa lile shati. Siku zote tumeambiwa aliipiga mjini Morogoro akiwa safarini kwenda vitani, akampa kondakta wa basi aifikishe nyumbani. Nikamwomba mdogo wangu aitoe kwenye fremu anipigie picha mgongo wake. Akanitumia. Wino umefifia lakini unasomeka: Morogoro 17/2/79.

Februari. Miezi mitatu na nusu baada ya redio. Februari 1979 vita ilishavuka mpaka, jeshi letu lilikuwa ndani ya Uganda. Masaka ilitekwa tarehe 24 mwezi ule ule, na Kampala tarehe 11 Aprili. Kijana anayesimama siku nchi imevamiwa, na kijana anayeondoka miezi mitatu baadaye, ni hadithi mbili tofauti kabisa. Nikajiuliza, hiyo miezi mitatu ilikwenda wapi?

Nikampigia bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, umekula?" Nikamwambia nimekula. Nikazunguka zunguka, nikauliza habari za mbuzi, mwisho nikauliza. Bibi, hivi Babu Mdogo aliondoka lini hasa?

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Nani kakwambia?"

"Mahindi, bibi. Ulimchomea mahindi mabichi."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kuishiwa nguvu. Halafu akanieleza. Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Baada ya mwaka mpya wakaja watu kuhitaji vijana zaidi wa mgambo, na kila balozi atoe jina. Babu Mdogo alikuwa hataki kwenda. Hakuwa mwoga, anasema bibi, ila alikuwa ameanza kutoa mahari, binti wa kijiji cha pili, ng'ombe wawili walishakwenda. Alimwambia kaka yake wazi: mimi sitaki. Na babu akaona, nikiandika mtoto wa jirani nikamwacha wa kwangu, nitaishije na hawa watu? Akaandika jina la mdogo wake.

Nikauliza, sasa ile habari ya redio ilitoka wapi? Bibi akasema hakuna aliyekaa chini akaitunga. Habari za kifo zilipokuja babu hakusema kitu mwaka mzima. Miaka baadaye, kwenye matanga ya mtu mwingine, mzee mmoja akamsimulia Babu Mdogo kama yule kijana aliyesimama siku ya redio. Babu alikuwepo, hakumsahihisha. Baada ya hapo ikawa ndiyo habari yenyewe. "Tulimpa siku nzuri zaidi ya kuondoka," akasema bibi. "Kuna ubaya gani?"

Nilikaa na hilo swali siku nne. Kuna ubaya gani?

Kwanza nikawaza kwamba tarehe imehama kwa faida ya babu. Imemwondolea kalamu mkononi. Kanuni yangu imefanya kazi, hongera zangu. Lakini hapana, haikuwa rahisi vile. Babu Mdogo naye amepata faida: amekuwa shujaa aliyejitolea, na wajukuu tunajivunia. Sasa nani kapoteza? Nilipokuja kuona, kilichopotea ni lile neno lake, "mimi sitaki". Kijana wa miaka 21 alikuwa na mchumba, ana mipango, alisema hapana, na akaenda hata hivyo, akafa. Sisi tumemnyang'anya ile hapana yake. Na yule binti wa kijiji cha pili amefutika kabisa, hata jina bibi halikumbuki. Hiyo ndiyo miezi mitatu ilikokwenda.

Hapo nikamkumbuka Spielberg. The Fabelmans, ya mwaka 2022, ndiyo filamu yake ya "maisha yangu". Inaanzia Januari 1952, mtoto anapelekwa sinema mara ya kwanza, na mwenyewe alizaliwa Desemba 1946, hesabu inakaa. Kama unataka kuhesabu makosa nenda kahesabu, utapata pointi zako. Kubwa ni hili: wazazi wake walipoachana, kwa miaka mingi alimlaumu baba, na amesema hadharani kwamba aliendelea kumlaumu hata baada ya kujua kwamba ni mama aliyempenda rafiki wa baba. Filamu zake za nyuma zimejaa nyumba ambazo baba kaondoka, iangalie E.T. ya 1982. Mama yake alifariki 2017, baba 2020. Filamu ikatoka baada ya hapo, na ndani yake mzigo umerudishwa mahali pake, tena bila kumtukana mama. Alichosahihisha ni nani alibebeshwa lawama isiyo yake, na kusahihisha tarehe mia moja kusingefikia hilo.

Ila nina neno hata kwake. Kusubiri wazazi wafe kwanza ni heshima, naielewa, hata mimi nisingeandika babu akiwa hai. Lakini baba alikufa na miaka 103, na miaka mingi ya hiyo watu waliangalia sinema wakimwona yeye kama ndiye aliyeondoka. Heshima nayo ina gharama, na mara nyingi anayelipa ni yule mpole.

Basi msimamo wangu ndio huu. Ukiangalia filamu ya mtu anayesimulia utoto wake, gari la mwaka usio wake liache lipite. Wimbo uliotangulia miaka yake, uache upigwe. Siku tatu zilizobanwa kuwa moja, mruhusu, kumbukumbu ndivyo inavyofanya kazi kichwani kwa kila mtu. Tarehe ya watu ikisogezwa, piga kelele. Na hata tarehe zote zikiwa sawa, bado jiulize mzigo umehamia wapi, na nani kanyamazishwa ili hadithi ipendeze. Hakuna pointi za kuandika nyuma ya mlango kwa swali hilo, ndiyo maana wengi hatulipendi.

Na usidhani kila anayekosea tarehe anadanganya. Mama nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema, "Mimi nilikuwepo. Niliisikia redio." Na ni kweli aliisikia. Na ni kweli alimwona baba yake mdogo akitoka na mahindi kwenye kanga. Mtoto wa miaka minane aliona mambo mawili makubwa, wakubwa wakamwachia ayaunge, akayaunga. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo utamwandika baba yangu hivyo?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia nitamtumia asome kabla sijakusanya. Skripti sasa ina redio, 2 Novemba 1978, watu wamejaa uani na Babu Mdogo kasimama nyuma kabisa anasikiliza, hajasema kitu. Kisha mvua. Kisha mahindi yanapanda, yanakua. Kisha babu na karatasi, usiku, koroboi inawaka, anaandika jina, anafuta, anaandika tena. Hiyo ya kufuta nimeibuni mimi, nakiri hapa mbele yenu. Bibi hakuniambia kwamba alifuta. Nimeiweka kwa sababu nilimjua babu, na sitaki abaki na kalamu tu mkononi. Mniambie kama nimekosea. Inawezekana na mimi nimeshaanza kumsafisha mtu.

Nilikusanya Jumatatu. Mama alishaisoma tangu Jumamosi. Hajasema kitu. Jana ametuma elfu kumi kwenye simu, na ujumbe mfupi tu: "Kula vizuri."

Karatasi ya pointi tumeibandua mlangoni. Injinia ameuliza Ijumaa hii tunaangalia nini, Mzee akasema chochote, ila yeye atalala mapema.

Haya, ngoja niwahi foleni ya wali maharage kabla nyama haijaisha kwenye sufuria. Nawasilisha.